Shahidi Asiyejua Kusema "Sijui"

Shahidi aliwekwa mezani, kijisanduku cheusi kisichozidi kipande cha sabuni, na watu wote waliokuwamo katika ukumbi wa Kituo cha Igolwa wakaacha kukohoa.

"Eleza," alisema Lwitiko Sanga, mkuu wa kituo.

"Ndege namba saba," Shahidi alianza, kwa sauti isiyokuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. "Rubani Bupe Ngailo. Ndege ilipofika juu ya kijiji cha Nsele, mkono wa kulia wa rubani ulivuta kwa nguvu kupita kiasi. Mapezi yote yaligeuka kwa pamoja, ndege ikapinduka, ikaanguka. Umeme ulikuwa salama, volti tano kamili, tangu mwanzo hadi mwisho."

Bupe alikuwa ameketi mbele, viganja vyake vimegeuzwa juu magotini, kama desturi ilivyomtaka rubani anayeshtakiwa. Ndani ya kila kidole chake mlikuwa na nyuzi nyembamba kuliko unywele, alizopandikizwa siku alipokula kiapo. Kwa nyuzi hizo, upepo uliogusa mabawa ya ndege huko bondeni uliifikia ngozi yake akiwa amesimama hapa juu mlimani.

"Mkono wangu haukuvuta hivyo," alisema. "Niliusikia upepo ukiipiga ndege kutoka chini, nikairekebisha kama ipasavyo. Kisha vidole vikafa ganzi. Viliporudiwa na uhai, ndege ilikuwa imekwisha kuanguka."

"Shahidi hakutaja ganzi, binti yangu," Lwitiko alimjibu kwa upole.

"Basi aulizwe tena!"

"Ameulizwa mara tatu. Unataka aulizwe mpaka aseme upendalo?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia. Katika safu ya kwanza, Bi. Lustika Mahenge, aliyetumwa na vijiji vya bonde, hakucheka. Alikuwa amevaa kaniki nyeusi. Ndege namba saba ilikuwa imebeba damu ya kumwongezea mdogo wake aliyekuwa akijifungua, na damu ile ilimwagikia bati la ghala la viazi.

"Mimi sikupanda mlima huu kubishana na mtoto wa watu," alisema Bi. Lustika. "Tulipatana. Tangu dhoruba za jua zilipoziangusha ndege kubwa, na milima ikazimeza barabara, mlituomba ruhusa ya kupitisha vindege vyenu juu ya nyumba zetu. Tukasema, sawa, lakini kila kinachoanguka kiwe na mkono uliokiangusha. Mkatuletea huyo Shahidi wenu. Nimemsikia. Sasa nataka kuuona mkono ukizimwa."

Kuzimwa mkono lilikuwa jambo la dakika chache. Nyuzi zilipitishiwa umeme mkali, zikaungua pamoja na mishipa iliyozizunguka. Baada ya hapo rubani hakuhisi tena upepo. Hakuhisi tena maji ya moto wala ya baridi, wala shavu la mwanawe.

"Kesho, saa nne asubuhi," Lwitiko alitamka.

Hapo ndipo Subilaga Mwambije aliposimama. Alikuwa mhandisi wa umeme wa kituo, mwanamke mwenye umri wa miaka hamsini na kitu. Yeye na Lwitiko ndio walioiunda ndege ya kwanza ya Igolwa, wakiiga ndege za kuongozwa kwa redio ambazo zamani watu walizichezea viwanjani siku za mapumziko. Hakuna ndege iliyoruhusiwa kuwaka kabla yeye hajaikagua na kuiidhinisha kwa sauti yake mwenyewe.

"Shahidi," alisema. "Mapezi yote yalipogeuka kwa pamoja, umeme ulishuka kiasi gani?"

"Haukushuka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Volti tano kamili."

Subilaga aliketi polepole. Alimtazama Lwitiko, akangoja naye amtazame, kwa maana jibu lile lilikuwa kichekesho ambacho katika ukumbi mzima ni wao wawili tu wangeweza kukielewa. Lwitiko alikuwa akiifuta miwani yake, na aliendelea kuifuta hata ilipokwisha kung'aa.

* * *

Karakana ilinuka gundi na risasi iliyoyeyushwa. Mabaki ya ndege namba saba yalilazwa juu ya meza ndefu. Bawa moja lilikuwa zima, na jingine lilibaki mbavu tupu.

"Mama, unatafuta nini?" Bupe aliuliza. Hakuwa mwanawe wa kumzaa, lakini marubani wote aliowafundisha walimwita hivyo.

"Nyumbani kwenu mkifungua mabomba yote kwa mara moja, maji hufanyaje?"

"Hupungua nguvu."

"Kila bomba?"

"Kila bomba."

"Umeme nao ni hivyo hivyo. Kila pezi lina mota yake ndogo. Mota moja ikifanya kazi, betri haijali. Zote zikivuta kwa pamoja, tena katika baridi kama hii yetu, lazima volti zishuke, hata katika ndege iliyoundwa vizuri kuliko zote. Hushuka kidogo, kisha hupanda. Mstari ulionyooka kabisa wakati mapezi yote yanageuka haujapimwa na mtu. Umetungwa." Alichukua bisibisi. "Na volti zikishuka chini ya tatu na nusu, kipokezi cha redio hulala. Kikiamka, sekunde tatu zimekwisha kupita, na kwa sekunde tatu ndege ni jiwe."

"Na mimi huhisi nini?"

"Ganzi."

Bupe alivificha vidole vyake kwapani.

Subilaga alifungua tumbo la ndege. Dhidi ya usingizi ule alikuwa amejenga kinga ambayo aliijua kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kisimani kwao: betri ya akiba, ndogo, isiyohudumia mota yoyote, inayowalisha kipokezi na Shahidi peke yao, nyaya nene na fupi, na kapasita, kijipipa kinachotunza umeme wa kuziba upungufu wa ghafla. Nyaya zilikuwapo. Kapasita ilikuwapo. Mahali pa betri ya akiba palikuwa na kipande cha sponji.

Alikitoa, akakibonyeza baina ya vidole vyake.

"Labda walisahau kuiweka," Bupe alisema.

"Niliikagua ndege hii nikiwa nimeishika betri hiyo kwa mkono wangu. Na mtu aliyesahau kitu hakati sponji kwa mkasi likaenea pembe zote nne."

Wakaishusha namba nne kutoka kwenye chaga, ndege nzima iliyokuwa ikingojea zamu. Sponji. Wakaishusha namba mbili. Sponji.

"Lakini sisi hupiga saluti kila asubuhi!" Bupe alilalamika, kana kwamba amesingiziwa. "Wewe mwenyewe ndiwe uliyetufundisha. Rubani anayatikisa mapezi yote kwa pamoja, mmoja anasoma mita, na sote tunaitikia. Tano! Tano! Tano! Siku hiyo ya namba saba niliitikia kwa sauti mpaka koo likaniuma. Tungeona."

"Mnapopiga saluti, waya wa joto umechomolewa?"

Waya wa joto ulitoka katika mtambo wa kituo, ukaingia chini ya ndege ili betri isigande kwa sakitu, ule umande wa mlimani unaoganda, kabla ya kuruka. Kanuni ya Subilaga ilikuwa kuuchomoa kwanza, kisha saluti.

"Mkuu alisema tusiuchomoe," Bupe alijibu, sauti ikiwa imepungua. "Tangu kipupwe cha mwaka juzi. Alisema betri zinapoa bure wakati sisi tunaimba. Tulidhani amezungumza nawe. Si shemeji yako?"

Subilaga aliuunganisha waya wa joto kwenye ndege namba nne, akamkabidhi Bupe glavu za kuongozea. "Piga saluti."

Bupe alitikisa. Mapezi yalipepea kwa pamoja, na sindano ya mita ilisimama kwenye tano kama imepigiliwa msumari. Walikuwa wakiusoma umeme wa kituo. Kila asubuhi, kwa miaka miwili, marubani wa Igolwa walikuwa wamesimama kwenye sakitu na kuuimbia ukuta.

"Sasa uchomoe."

Bupe alichomoa, akatikisa tena. Sindano ilianguka hadi tatu. Taa ya kipokezi ilizimika, mapezi yakabaki yamepinda yalivyokuwa, na rubani akauvuta mkono wake kutoka katika glavu kama aliyeumwa na siafu.

"Ni ile ile," alinong'ona. "Mama, ni ganzi ile ile."

* * *

Lwitiko alikuwa ofisini, akimenya kiazi cha kuchemsha. Alisukuma kiti kwa mguu ili Subilaga akae.

"Karibu chai, shemeji."

Alikuwa mume wa mdogo wake Subilaga. Alipofiwa, ni Subilaga aliyempikia mpaka akaweza kula tena. Leo Subilaga hakukaa. Aliweka vipande vitatu vya sponji mezani, kando ya sahani ya viazi.

Lwitiko aliviangalia kwa muda, kisha akaendelea kumenya.

"Betri moja ya akiba ina uzito wa mfuko mmoja wa damu," alisema. "Ulilijua hilo?"

"Mimi ndiye niliyeipima."

"Basi hesabu mwenyewe safari za miaka miwili. Kila mfuko una mtu wake. Wako watu wanaotembea Nsele leo kwa sababu ya sponji hilo."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, naam. Ndiyo maana mnaye mhandisi. Nilikuwa nikiidhinisha ndege kwa sauti yangu, nawe ukingoja nigeuke uifungue tena? Kwa mikono yako, Lwitiko? Au ulimtuma mtu?"

"Kwa mikono yangu. Sikutaka kumtia mtu mwingine katika jambo hili."

"Ahsante kwa kumhurumia huyo mtu mwingine."

Lwitiko aliweka kisu chini. "Shemeji, usinifanyie kejeli. Ndege zinashuka volti mara moja moja, katika upepo mbaya sana. Niliona ni hatari ndogo."

"Na Shahidi? Tulimwunda ili akipoteza umeme, aseme hivyo. Nilikaa nawe katika chumba hiki hiki. Nilisema, akilala, akiamka aseme 'sijui'. Safari hii amelala juu ya Nsele na kuamka na hadithi nzima, yenye mkono na nguvu na volti tano kamili. Nani aliyemfundisha?"

Hapo kwa mara ya kwanza mkuu wa kituo alionekana kuchoka.

"Nilimpeleka kwa wazee wa vijiji, siku ile ya mapatano. Wewe ulikuwa umelazwa. Wakamjaribu. Akawajibu 'sijui'. Wakacheka, Subilaga. Mzee mmoja alisema, mmetuletea shahidi ambaye hata mtoto mwizi anamshinda. Wakaanza kuondoka. Ningefanyaje? Nikaomba siku mbili. Nikamfundisha kuziba pengo: aangalie kabla, aangalie baada, akisie kilichopita katikati. Na kisio la kawaida ni mkono, kwa sababu mara nyingi ni mkono kweli."

"Nawe ukaniacha nimwite Shahidi kwa heshima miaka yote hiyo."

"Nilikuacha ulale usingizi."

"Kesho saa nne mtaunguza vidole vya Bupe."

"Bonde zima lina dondakoo!" Sauti yake ilipanda. "Umesikia watoto wa Nsele wanavyopumua? Kila siku dawa lazima ishuke. Nenda ukamwambie Bi. Lustika kwamba Shahidi ni mwongo. Atafunga anga kabla hujamaliza sentensi. Unaweka mkono mmoja kwenye mizani, upande wa pili watoto wasiohesabika. Mimi sikuipenda mizani hiyo, lakini sikuikimbia."

"Hukuikimbia, kwa kuwa mkono uliomo si wako."

Alitoka. Mlangoni alimsikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu wa nyumbani: "Chai yako inapoa, shemeji."

* * *

Saa tatu asubuhi, uwanja ulikuwa mweupe kwa sakitu. Marubani walikuwa wamekusanyika, na Bi. Lustika alisimama mbele yao, mikono ndani ya blanketi. Ndege namba nne ilikuwa juu ya kigoda chake, masanduku ya dawa yakiwa tayari kando yake. Subilaga alikuwa ameomba asikilizwe kabla ya mkono kuzimwa, na Lwitiko, kwa ukarimu uliomshangaza, alikuwa amekubali mara moja.

"Mama Lustika," Subilaga alisema, "nataka uone kilichoiangusha ndege ya Bupe. Kila siku saluti hii hupigwa waya ukiwa umechomekwa. Leo nauchomoa." Aliuchomoa, akautupa pembeni ili kila mtu auone. "Rubani atikise. Isomeni mita wenyewe."

Rubani wa zamu alitikisa. Mapezi yalipepea. Sindano ilitetemeka, ikashuka kidogo chini ya tano, ikarudi, ikatulia.

"Tano!" waliitikia marubani, kwa mazoea.

"Tena," alisema Subilaga. "Kwa nguvu."

"Tano!"

Mtu alicheka. Mwingine alisema, "Mhandisi kalala vibaya." Subilaga alipiga magoti kwenye sakitu, akafungua tumbo la ndege. Betri ya akiba ilikuwa mahali pake, ikimeta kwa upya. Ilikuwa imefungwa kwa mkanda uliopitishwa mara mbili na ncha yake kufichwa chini, ufungaji ambao Subilaga aliubuni yeye na kumfundisha mtu mmoja tu.

Hakuhitaji kuzifungua nyingine. Kazi yake yote, kinga aliyoililia miaka yote, ilikuwa imerudishwa katika kila ndege kwa unadhifu mkubwa, na kusudi lake lilikuwa kumfunga yeye mdomo.

Lwitiko aliinama kando yake kama anayemsaidia kuinuka.

"Ulichokitaka umekipata," alimwambia sikioni. "Ndege ni salama. Nimepunguza mizigo. Hakuna atakayeanguka tena, naapa kwa kaburi la mdogo wako. Watoto wanangoja. Idhinisha, ndege iondoke, tuyamalize."

"Na Bupe?"

"Bupe ndiye wa mwisho."

Subilaga aliitazama ndege. Alipapasa nyaya, plagi, kapasita, mkanda. Hapakuwa na kosa hata moja, na hilo lilimchoma kuliko sponji. Akainua uso, akasema kwa sauti kavu, ile ambayo mtambo uliingoja: "Namba nne. Nimeikagua. Umeme wake ni salama. Subilaga Mwambije."

Ndege iliwaka, ikakimbia juu ya sakitu, ikapaa ikiwa na dawa. Wote waliifuata kwa macho mpaka ikawa nukta na kupotea.

"Sasa tuingie ndani," alisema Lwitiko.

"Ndiyo, tuingie," alijibu Subilaga. "Mama Lustika, nikuombe jambo dogo. Niazime mkono wako."

* * *

Shahidi wa namba saba alikuwa bado mezani. Kando yake Subilaga aliweka kiunzi chenye mota nne za mapezi, betri kuukuu moja iliyomlisha Shahidi pia, na glavu ya wanafunzi, ile inayosoma mkono wa mtu asiye na nyuzi.

"Hili ni kinyume cha taratibu," Lwitiko alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa ameelewa kabla ya wengine.

"Taratibu za nani, baba?" Bi. Lustika aliuliza, akivaa glavu. "Mkono ni wangu."

"Ulaze mezani, mama, kiganja chini. Usiutikise hata kwa bahati mbaya." Subilaga alijaza kikombe chai mpaka mdomoni, akakiweka juu ya mgongo wa mkono ule. "Wengine wote, tazameni kikombe."

Walitazama. Mvuke ulipanda. Bi. Lustika alikuwa mkulima wa ngano, na mkono wake ulilala kama ubao.

"Mama, usifanye," Lwitiko alisema, na haikujulikana ni yupi kati ya wanawake wale wawili aliyekuwa akimwambia.

Subilaga alibonyeza swichi. Mota zote nne zilivuta kwa pamoja kutoka katika betri dhaifu. Mapezi yaligeuka kwa kishindo, taa ya Shahidi ikafifia, ikafa. Moja, mbili, tatu. Ikawaka tena. Katika kikombe, chai haikuwa imemwagika hata tone.

"Shahidi," alisema Subilaga. "Eleza."

"Mkono wa kulia wa rubani ulivuta kwa nguvu kupita kiasi," Shahidi alijibu kwa sauti yake ile ile. "Mapezi yote yaligeuka kwa pamoja. Umeme ulikuwa salama, volti tano kamili, tangu mwanzo hadi mwisho."

Bi. Lustika alikitazama kikombe kwa muda mrefu. Kisha akakishika kwa mkono wa kushoto, akakiweka mezani, akaivua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Rudia," aliamuru.

Shahidi alirudia, neno kwa neno.

"Kabla ya mtoto huyu," Bi. Lustika alimwuliza Lwitiko, "mmezima mikono mingapi?"

"Miwili."

"Nayo ilikuwa hivi?"

"Huenda walikosea kweli, mama."

"Huenda. Sasa nani atajua?"

Bupe alikuwa amevigeuza viganja vyake chini bila kuamriwa na mtu.

"Mkono wa huyu usiguswe," alisema Bi. Lustika. "Na ile ndege iliyoko angani iacheni itue. Baada yake isipae nyingine juu ya nyumba zetu mpaka wazee wa bonde wakae."

"Wazee kukaa ni juma zima!" Subilaga alisahau heshima. "Mama, nisikilize. Ndege sasa ni salama. Zina betri zake. Niliyeikagua ile ni mimi mwenyewe, asubuhi hii, umeniona. Watoto wenu hawawezi kungoja."

"Nimekuona." Macho ya Bi. Lustika yalikuwa mekundu. "Na ile iliyomwua mdogo wangu, ilikaguliwa na nani?"

Subilaga ndiye aliyekuwa ameikagua. Alikuwa amesema kweli kwa kila neno, na mtu aliyemwamini kuliko wote alikuwa amelichukua neno lile na kulitumia mpaka likaisha. Sasa alilihitaji kuliko alivyowahi kulihitaji, na halikuwapo. Alimgeukia Lwitiko, akaona kwamba naye amelifahamu hilo, na kwamba hata yeye, mwenye hesabu zake zote, hakuwa amelipigia hesabu.

"Nilikwambia," Lwitiko alisema kwa sauti ya chini. "Nilikwambia atafunga."

"Uliniambia. Umenyamaza miaka miwili, ukaniambia jana."

* * *

Ile njia ya miguu ya kushukia Nsele ilikuwa imefunikwa na maporomoko mahali pengi, na mtu mwenye mzigo aliishuka kwa siku mbili, akilala njiani. Kabla ya adhuhuri, marubani wote wa Igolwa walikuwa uwanjani wakijifunga masanduku ya dawa mgongoni kwa vitenge na kamba. Watu waliozoea kulifikia bonde kwa ncha za vidole walikuwa wakijaribu viatu vyao na kuulizana nani anakumbuka kivuko.

"Mimi nakumbuka," alisema Bi. Lustika. "Nimekipita juzi nikija huku, nikimlaani huyu." Alimsaidia Bupe kukaza fundo begani, kwa nguvu, bila kumtazama usoni. "Usiache sanduku lilowe."

"Sitaacha, mama."

Subilaga aligawa masanduku mwenyewe. Yalikuwa mengi kuliko migongo. Alipobakiwa na matatu, kivuli kilisimama mbele yake, naye akakitambua bila kuinua kichwa.

"Nami nina miguu miwili, shemeji," alisema Lwitiko. Alikuwa amevaa viatu vya shambani, na miwani ameifunga kwa uzi nyuma ya kichwa.

Marubani waliacha walichokuwa wakifanya. Subilaga alitamani kumwambia arudi ofisini kwake, akae na viazi vyake na hesabu zake, asikie kwa masikio yake mwenyewe jinsi kituo kinavyonyamaza kikiwa kitupu. Lakini sanduku moja lilikuwa na dawa ya watoto kadhaa, na mgongo ni mgongo.

Alilinyanyua sanduku, akamfunga nalo mwenyewe. Alipitisha kamba kifuani pake, akaikaza, akaijaribu, akaikaza tena.

"Ahsante," Lwitiko alisema. "Shemeji, siku moja—"

"Bupe!" Subilaga aliita.

"Naam, mama."

"Tembea nyuma yake. Mkilala njiani, sanduku lake lilale kichwani pako, si pake."